Aliyeelekezwa Mpaka Mlangoni

Nitakueleza kila kitu isipokuwa njia ya kufika kwetu. Ukitaka kusema naogopa, sema, maana ni kweli naogopa. Lakini haya yametokea, hapa hapa Dodoma, mtaa wa Majengo, nikiwa kidato cha pili, na wote waliokuwepo wako hai mpaka leo. Sikusimuliwa na mtu aliyesimuliwa na mtu. Mlango niliufungua kwa mkono wangu huu.

Naandika kwa sababu kusema kunanishinda. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo, ila linakwama kooni na wenzangu wanaanza kucheka. Nyumbani dada yake baba, Shangazi Zubeda, alikuwa akiniita Bubu. "Bubu, lete chumvi." Nami naleta. Nilishazoea.

Nyumba ni ya Bibi, mama yao Baba na Shangazi. Ni ya korido katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mwaka ule kila mtu alikuwa na biashara yake. Maduka ambayo zamani yalikuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi, na Baba aliacha kazi akawa anazunguka Haneti na Mlali kununua alizeti. Shangazi naye, mpiga chapa katika ofisi moja mjini, akavumbua yake: Bunge likikaa, gesti zote zinajaa, madereva na makarani wanahangaika pa kulala. Basi chumba chetu cha mbele tukawa tunakipangisha kwa wageni wa siku chache.

Bibi hakukataa. Ila alikuwa na sharti lake. Mgeni haambiwi nyumba. Anaambiwa, "Ukishuka, nenda kwenye mashine ya kusaga, usubiri hapo, utafuatwa." Kisha Bibi mwenyewe anajifunga kanga, anachukua kikombe cha maji, anakwenda. Anamsalimia mgeni, anampa maji, anamtazama akinywa, wanaulizana habari za safari. Akiridhika ndipo anasema karibu nyumbani, anatangulia yeye, mgeni nyuma. Ndivyo walivyofanya wazee wake enzi za misafara, watu wa kutoka mbali wakisubiri kisimani nje ya mji mpaka mwenyeji awafuate. "Mgeni haelekezwi," alikuwa akisema. "Mgeni analetwa."

Shangazi alikuwa anaona haya. "Mama, hii ni biashara, tuko kwenye soko huria. Mteja anataka kujua anakokwenda. Wenzetu wa Area C wanawaelekeza watu mpaka kitandani."

"Wa Area C hawana mzazi ndani," Bibi akajibu.

Mzazi alikuwa mama yangu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku chache tu nyuma, hata jina hajapewa, na kama desturi yetu ilivyo, alikuwa ndani anahesabu arobaini yake. Mtoto hatolewi nje, haonyeshwi kwa wapita njia. Baada ya mimi Mama aliharibikiwa mimba mara mbili, kwa hiyo unaweza kujua mwenyewe nyumba nzima ilivyokuwa ikimtazama yule mtoto. Tulikuwa tunatembea kwa vidole.

Sasa sikiliza. Siku hiyo Shangazi alirudi kutoka kazini akiwa na furaha. Amepata mgeni, karani kutoka Kondoa, anaitwa Bwana Hamza, amepiga simu ofisini. Anakuja jioni hiyo hiyo kwa basi.

"Umemwambia asubiri mashineni?" Bibi akauliza.

"Nimemwelekeza."

"Umemwelekeza nini?"

"Njia, Mama. Toka stendi. Kona zote, mpaka rangi ya mlango. Na nimemwambia kabisa asishangae akisikia kilio usiku, kuna mtoto mchanga. Nimekuwa mkweli kwa mteja, kosa liko wapi?"

Bibi hakugomba. Afadhali angegomba. Alitafuta kanga yake, akaikosa ingawa ilikuwa begani. Kisha akanigeukia. "Nakwenda mashineni kumngojea. Mtu yeyote akibisha hapa, mwambie arudi akasubiri kule. Umenisikia? Usimwambie neno jingine."

Akatoka. Ilikuwa jioni ya mgao, umeme umeshakatika, Baba yuko safarini kwenye alizeti zake, na Shangazi naye akatoka kutafuta mafuta ya taa. Nikabaki mimi koridoni na taa ya chemli iliyokaribia kukauka mafuta, Mama na mtoto chumbani kwao. Mtoto alikuwa analia, kile kilio chembamba cha wachanga.

Kulipoadhiniwa magharibi, mtoto akanyamaza. Hakupunguza kidogo kidogo kama wafanyavyo. Alikata.

"Hodi," mtu akasema mlangoni.

Niambie, wewe ungefanyaje? Sisi tumelelewa kwamba hodi haiachwi bila karibu. Lakini ile karibu haikunitoka. Ilikwama palepale yanapokwama majibu yangu ya darasani. Nikafungua mlango nusu, nikasimama katikati.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe, begi dogo mkononi. Uso wa upole. Nilitaka kumwambia akasubiri mashineni, wallahi nilitaka, nikawa natazama chini kutafuta ujasiri. Ndipo nikaona viatu vyake. Kama umewahi kupanda basi la Kondoa wakati wa kiangazi unaijua ile barabara. Watu wanashuka wekundu mpaka kope, wanatema vumbi, huwezi kujua nani kavaa nguo ya rangi gani. Huyu viatu vyake vilikuwa safi. Shati lake halikuwa hata na mkunjo wa kukaa.

Kitu pekee kilichonitoka ni kile kinachotoka chenyewe kwa mtu mzima. "Shikamoo."

Hakusema marahaba. Alinitazama kama mtu anayejifunza jambo, kisha akasema, "Shikamoo."

Kwa sauti yangu. Niamini. Ilikuwa sauti yangu mimi, hata na ule mtetemo wake wa aibu.

Yeye akaanza kuhesabu njia, taratibu, na sasa sauti ilikuwa ya Shangazi Zubeda, vilevile anavyovuta maneno akiongea na wateja. "Ukishuka stendi, unafuata barabara ya lami..." Akazitaja kona zote. Akataja rangi ya mlango. Alipofika hapo akasogeza uso wake karibu na wangu.

"Nimeambiwa mpaka mlangoni," akasema. "Baada ya mlango, je?"

Sikujibu.

"Yuko mtoto mchanga. Analala kulia au kushoto?"

Sikujibu. Usidhani ni ushujaa. Ningekuwa mtoto mchangamfu kama wengine ningejibu lolote, hata uongo, ili tu aondoke. Lakini mimi ulimi wangu ulikuwa umekufa mdomoni, na nilichoweza ni kutikisa kichwa, nikakizuia hata hicho nisije nikakitikisa upande wa chumba.

"Kulia?" akauliza. Akangoja. "Kushoto?" Alikuwa anayatazama macho yangu yatakimbilia wapi. Nikayafumba.

Na hapo Mama akaita kutoka ndani. "Nani huyo? Mbona humkaribishi mgeni?"

Nilisikia shati lake likigusa fremu ya mlango. Nikajua ameinama kuelekea ile sauti, anasikiliza, kama mtu aliyepoteza kitu gizani akakisikia kikilia. Korido yetu ina mwangwi, sauti ya mtu hujui inatoka chumba kipi mpaka uwe mwenyeji. Yeye alikuwa bado hajajua.

"Mwambie aingie," Mama akaendelea, "chumba chake ni hicho cha mbele, asije akapotea akaja huku kwangu, mimi niko..."

Hakumaliza. Yaani alimaliza, lakini hakuna aliyesikia. Pembeni ya mlango palikuwa na ndoo ya bati imejaa maji, juu yake sufuria na vikombe vya kuosha. Niliipiga teke kwa nguvu zangu zote. Ile kelele ilijaa korido, vikombe vikabiringika mpaka uani, na mimi nikaanza kupiga kelele juu yake, bila maneno, kelele tupu, kelele ambazo sikujua ninazo. Nilipiga mpaka koo likawaka.

Nilipofumbua macho bado alikuwepo. Maji yalikuwa yamepita kizingiti yakamwagika mpaka alipokuwa amesimama. Yalimpita. Kulia na kushoto kwake udongo ulilowa ukawa mweusi, na chini ya viatu vyake palibaki pakavu, vumbi kama lilivyo.

Alitazama chini, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo.

"Nitauliza tena," akasema.

Akaanza kuondoka kinyumenyume, uso bado kwangu, akiihesabu njia kwa sauti ya Shangazi kuanzia mwisho kurudi mwanzo: mlango, kona, kona nyingine. Alipoikata ya kwanza sikumwona tena. Nyuma yangu mtoto akaanza kulia, na nakuambia sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile kilio.

Bibi alikuja muda si mrefu baadaye, na nyuma yake mtu mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka vidole. Huyo ndiye alikuwa Bwana Hamza. Shangazi naye akatokea na chupa yake ya mafuta ya taa, akakuta maji kila mahali.

"Samahani jamani," Bwana Hamza akasema, "mtaa wenu umenishinda. Nimefuata kama nilivyoelekezwa. Kila nikikata kona ya mwisho, najikuta mashineni. Nimezunguka mpaka wale wasagaji wakaanza kunicheka, wanadhani nimelewa. Mama huyu ndiye kaniokoa."

"Haiwezekani," Shangazi akasema. "Hapo na hapa hata mtoto mdogo hapotei."

Bibi hakuwasikiliza. Alikuwa anatazama ile sehemu kavu mbele ya kizingiti, umbo la viatu viwili. "Amekuuliza nini?" akaniuliza. Nikamwambia, kwa shida, neno moja moja. "Na wewe ukamjibu nini?"

"Sikujibu, Bibi."

Akakaa palepale kwenye maji. "Alhamdulillahi kwa huo ububu wako."

Shangazi alikuwa ameweka chupa chini. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Bwana Hamza, kwenye simu, nilipokuwa nakuelekeza, kila kona ulikuwa unaitikia ehee, ehee. Si ndiyo?"

Bwana Hamza akafuta vumbi usoni. "Hapana, dada. Mimi nilikuwa naandika. Hiyo ehee niliisikia, nikajua ni wewe."

Simu zetu zinaingiliana, kila mtu anajua. Unaongea na mtu wako na huku unasikia watu wa Singida wanagombana. Hakuna aliyejali. Nani angefikiri kwamba katikati ya Kondoa na Dodoma yuko mwingine anayesikiliza, na kuitikia?

Bwana Hamza hakulala kwetu. Sikumlaumu. Chumba cha mbele hatujakipangisha tena, na Shangazi hakuniita Bubu tangu jioni ile. Ananiita kwa jina langu, tena kwa adabu, na ndipo ninapojisikia aibu zaidi.

Wewe unayepokea wageni, kwa biashara au kwa undugu, nakusihi. Mtajie mtu mji, mtajie mtaa, mpe mahali pa kukungoja penye watu. Mlango wako usiutie mdomoni kabla hujamwona kwa macho, mkasalimiana akajibu salamu yako. Akishajibu, mlete kwa miguu yako. Na yaliyo ndani ya nyumba yako usimwambie mtu yeyote ambaye bado yuko njiani, maana hujui njiani yuko na nani.

Aliahidi kuuliza tena, na ameuliza. Mara mtoto wa jirani anakuja kutuambia kuna baba mmoja mpole amemsimamisha, anataka kujua mdogo wangu analala wapi. Mara fundi aliyekuja kutengeneza paa. Ndiyo maana kwetu vyumba havina tena majina. Hakuna cha Mama, hakuna cha Bibi. Kila jioni mdogo wangu anahamishwa, leo huku, kesho kule, na anayechagua hasemi.

Sasa ana miaka mitatu, mchangamfu, mdomo hautulii, hafanani na mimi hata kidogo. Kila magharibi anasimama katikati ya korido na mto wake, anauliza kwa sauti kubwa, "Leo nalala wapi?"

Sote tunanyamaza. Tunamwonyesha kwa kidole, na yeye ndipo anapopiga makofi na kuanza kupaza, "Nalala..." Ninayemwahi na kumziba mdomo ni mimi.