Leo Umeinjika Nini?

Alasiri, wanawake wa upande ule wa Mlima Meru walipoteremka kijitoni kuchota maji, salamu zilikwisha upesi. Walikuwa na swali lao, na walilisubirisha mpaka kila mmoja ametua mtungi. "Leo umeinjika nini?" Aliyeulizwa hakujibu kwa neno moja, hata kidogo. Ndizi na maharage, nimetia magadi kwa kuwa maharage yenyewe ni ya mwaka jana. Mtori, dada yangu kajifungua. Majani ya maboga matupu, mume wangu yuko barabarani na mimi sina wa kumringia. Walitaniana, wakaombana chumvi, na mwenye njia yake ya kupika aliimwaga pale pale bila choyo. Ukichota maji pale siku mbili tatu tu, ulijua kila nyumba itakula nini jioni.

Nashilu alisimama kando na mtungi wake, akisikiliza. Yeye hakuulizwa. Tusiwaonee wenzake, hawakuwa wabaya. Swali lile ni la mwenye meko, na Nashilu hakuwa na meko.

Alikuwa Mwarusha, binti wa Moshono, aliyeolewa na Mmeru aitwaye Sumari, miaka ile Wajerumani walipokuwa wakiwachukua wanaume kwa zamu kwenda kukata barabara. Kwenye ukoo wa Sumari, mke mpya alipikia kwenye meko ya mama mkwe mpaka mama mkwe aridhike naye. Akiridhika, alimpa figa moja la kwake, jeusi kwa masizi. Mengine mawili mke aliokota mwenyewe, akayapanga, na tangu siku hiyo chungu kilikuwa chake na jioni ilikuwa yake. Nashilu alikwisha okota mawili yake mapema, mawe mazuri yaliyolingana, akayaweka ukutani pa nyumba. Msimu ukapita, na mwingine. Kuku wakayageuza kiti.

Mama mkwe huyo alikuwa Anyesi, jina alilopewa na wamisheni alipobatizwa uzeeni. Mwili wake ulikuwa mdogo, sauti ilikuwa kubwa. Kimaa, lugha ya kwao Nashilu, alikijua vizuri, ila jikoni kwake hakutaka kukisikia. Hata hivyo hakuanza kwa ubaya. Mwanzoni alimpenda mkwewe, akamsifu kwa majirani. Kilichowagombanisha ni neno moja tu, loshoro.

Siku hiyo Sumari alikuwa amerudi kutoka barabarani, na wazee wa ukoo walikuwa wanakuja kumwona. Anyesi alikuwa anaondoka alfajiri kwenda ibadani. Akiwa mlangoni alimwambia Nashilu, "Leo wazee watakula loshoro, na mpishi ni wewe. Wakikomba chungu, nakutolea figa leo hii hii."

Nashilu alifurahi hadi akaimba. Loshoro! Angeambiwa mtori angetetemeka, lakini loshoro aliijua tangu utotoni. Hapo mlangoni palikuwa na mkungu wa ndizi umeegemezwa, mtu hapiti bila kuugusa. Nashilu aliuinua akausogeza kando usimzibie njia. Kisha akatoa mahindi aliyoletewa kutoka kwao, akayatwanga kwenye kinu mpaka maganda yakatoka, akayapepeta, akayachemsha mpaka yakapasuka, akayaacha yapoe, akayamwagia mtindi mzito. Kwao Moshono hiyo ndiyo loshoro, na hakupata kusikia kwamba kuna nyingine.

Kumbe huku ipo. Huku loshoro ni ndizi zilizochemshwa zikapondwa, ndipo zikatiwa mtindi.

Anyesi aliingia na wazee nyuma yake. Akafunua chungu. Akautazama mkungu wa ndizi ulivyokaa kando, mzima, haujaguswa hata ndizi moja. Akakitazama chungu tena.

"Mke wa Sumari," akasema, "hawa wageni wangu ni kuku?"

Wazee waliangua kicheko. Walikula kidogo kwa adabu, na mmoja wao akachokoa kiganda cha hindi kwenye jino akakiweka mbele yake wote wakione. Anyesi alifedheheka kuliko mkwewe. Akaapa mbele yao kwamba mahindi hayatapikwa tena kwenye meko yake maadamu yeye yu hai, na kuhusu figa, hakuna aliyethubutu kulitaja.

Nashilu alilia, lakini nyuma ya nyumba, na hakurudia. Sumari alipotaka kwenda kumwombea kwa mama yake, alimkatalia. "Usiniombee. Nimelikosa kwa mikono yangu, nitalipata kwa mikono yangu." Haukupita muda Sumari akaitwa tena barabarani, wakabaki yeye na Anyesi na ng'ombe wao.

Basi akaamua kuijua loshoro ya ndizi. Anyesi hakumfundisha. Kila chungu kilipokaribia kutiwa mtindi, bibi huyo alikumbuka kuni, au maji, au majani ya ng'ombe, na Nashilu akatumwa. Mwalimu wake akawa kijito. Alijipatia kazi ya kuosha mtungi polepole na kutega sikio. Jirani yao Hanna, mwanamke mwenye kicheko na mdomo usiochoka, ndiye aliyeitoa siri siku moja alipokuwa akimjibu mwingine: "Mtindi wako ulikatika kwa sababu ulikuwa na haraka! Ndizi ukiziponda, ziache. Tia kidole. Kikivumilia, ndipo umwage mtindi." Nashilu alipanda kilima na maneno yale kama mtu aliyebeba yai.

Aliipika. Anyesi alikula, akasukuma bakuli lijazwe tena, akala, akasema chumvi imezidi. Akaipika tena wiki iliyofuata, chumvi ikawa imepungua. Akaipika mpaka hata Anyesi akakosa kasoro, akalamba mwiko. Figa halikutoka. Mtu akishaapa mbele za watu kwa sauti kubwa kiasi kile, si rahisi kushuka, na Nashilu alilijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na kichwa kigumu vile vile.

Maana alikuwa amefanya na jambo lingine. Kwenye kipande cha tambarare kilichokuwa chini ya migomba alipanda mahindi. Anyesi alikiita shamba la kuku, akawaambia na majirani wakiite hivyo. "Ndiyo, mama," Nashilu alimjibu kila mara, na kuendelea kupalilia. Akavuna. Akahifadhi kihenge kizima ambacho hakuwa na moto wa kukipikia.

Mwaka uliofuata, kabla ya masika, upepo ulishuka kutoka mlimani ukailaza migomba ya upande ule wote. Watu walikula ndizi changa zilizoanguka mpaka zikaisha. Maharage yalikuwa bado maua. Ng'ombe walikamuliwa, maziwa yakanywewa, na watoto wakawa wanalala mapema kwa kuwa hakuna cha kusubiri. Anyesi alikuwa anakunywa kikombe chake cha mtindi na kusema ameshiba. Kihenge kilikuwa hatua chache kutoka kitandani kwake. Hakukitazama, na Nashilu, aliyemwona akikonda, alikasirika na kumwonea huruma kwa pamoja.

Hatimaye usiku mmoja hakuvumilia. Alikoboa mahindi, akayaloweka kwenye chungu alichopewa na mama yake, akikusudia kesho yake kwenda kuomba moto kwa Hanna.

Kesho yake alasiri, kijitoni, wanawake walitua mitungi na hakuna aliyeuliza kitu. Lilikuwa jambo la kutisha kidogo, maji tu yakisikika. Mmoja alijaribu utani, akasema yeye ameinjika maji ya moto na yanaiva vizuri. Walicheka kidogo. Hapo Hanna, pengine kwa kuwa hakuzoea ukimya, akageuka. "Na wewe, mke wa Sumari? Umeinjika nini?"

Nashilu alikuwa amelingojea swali hilo siku zote hizo, na lilipokuja lilimkuta hana meko. Angeweza kusema hana kitu. Angeweza kuomba moto, kama alivyokusudia.

"Loshoro," akasema.

"Ya nini, na migomba yote imelala?"

"Ya mahindi. Njooni na vibuyu vyenu, na watoto."

Akajitwika mtungi akaondoka kabla ulimi haujamgeuka. Njiani alijisema sana. Ameinjika wapi? Juu ya nini? Lakini miguu haikupunguza mwendo. Alipofika uani aliwafukuza kuku, akayachukua mawe yake mawili, akayachimbia mbele ya nyumba. Akakileta chungu. Mawe mawili hayashiki chungu, mtoto mdogo anajua hilo. Akakiegemeza, kikalala. Akakiinua, kikalala upande mwingine, maji yakamwagika. Akatafuta gogo, likawa fupi.

Anyesi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fimbo yake.

"Unafanya nini?"

"Napika, mama. Wanawake wa kijitoni wanakuja kula. Sijayaleta mahindi kwenye meko yako, na kiapo chako sijakigusa. Lakini leo hapa watu watakula."

Kizee aligeuka. Aliingia ndani, na Nashilu akajua amemkasirisha mpaka mwisho. Akapiga magoti, akakishikilia chungu kwa mikono yote miwili, akifikiri kama mtu anaweza kukaa hivyo mpaka mahindi yaive.

Ndani kilisikika kishindo, kisha mkwaruzo. Anyesi akatokea kinyumenyume, ameinama, anaburura kitu juu ya ganda la mgomba. Lilikuwa figa, jeusi tii, bado lina majivu ya asubuhi. Hakuwa ametafuta lingine la kuweka mahali pake, kama mama wakwe wengine walivyofanya. Kwake yalibaki mawili.

Akalisukuma kwa mguu mpaka likakaa. Chungu kikatulia. Akashika kiuno, akahema, akakaa chini kwenye vumbi karibu na moto ambao ulikuwa haujawashwa bado.

"Mke wa Sumari," akasema kwa Kimaa, "leo umeinjika nini?"

Nashilu alikiachia chungu.

"Loshoro, mama."

"Basi ichemke sana," Anyesi akasema. "Kwangu leo hakuna jioni, na meno yangu ni machache."