Dovie wa Robo Maili

Siku Dovie Pruitt alipogundua kuwa anapenda mwendo wa kasi kuliko kitu kingine chochote duniani, alikuwa amefungiwa ndani ya buti la gari, amekumbatia mfuko wa mchanga, anapiga mayowe ambayo hakuna aliyeyasikia.

Ilikuwa Jumapili, kiangazi cha mwaka hamsini na moja, kwenye uwanja wa ndege uliotelekezwa nje ya mji wa Alder Wells, bonde la San Joaquin. Wakati wa vita marubani wa jeshi walijifunzia kuruka hapo. Vita vilipokwisha ndege zikaenda zake, ikabaki njia ndefu ya lami katikati ya mashamba ya pamba, na vijana waliorudi na mikono inayowawasha kwa kukosa la kufanya. Wakaokota injini kwenye vyuma chakavu, wakajitengenezea magari, wakaja hapo kushindana. Mchezo wenyewe haukuhitaji akili nyingi. Magari mawili yanasimama sambamba, bendera inaangushwa, anayemaliza robo maili kwanza ndiye bingwa mpaka wengine wawili wasogee. Basi. Hapakuwa na tiketi wala majukwaa wala taa. Watu walitoka kanisani na nguo zao za ibada, wakaja na mikate ya soseji na mitungi ya chai ya barafu, wakakaa juu ya boneti za magari yao.

Dovie alikuwa binti wa miaka ishirini, mtoto wa watu waliokimbia ukame wa Oklahoma, mshona viti vya magari katika karakana ya mjomba wake. Siku hiyo alikwenda uwanjani kwa sababu moja tu, nayo iliitwa Orval Stroud: kijana mrefu, mpole, mchomelea mabomba ya kumwagilia, masikio yametokeza kama milango ya gari iliyosahauliwa wazi. Orval alikuwa na Ford kuukuu aliyoivua madigadi, boneti na kila kitu kilichofunguka kwa spana, ili iwe nyepesi. Gari lilikuwa na nguvu za kutisha, ila nguvu zenyewe ziliishia kwenye moshi. Kila bendera ilipoanguka, matairi ya nyuma yalizunguka palepale yakilia kama nguruwe, na Clete Vandiver, mpinzani wake, akawa ameshafika mwisho na sigara ameshaiwasha.

"Orval, gari lako linakimbia au linacheza dansi?" Clete alipiga kelele akirudi, huku akichana nywele kwenye kioo cha pembeni.

Orval akakuna kichwa. "Linataka uzito nyuma," alisema. Mfuko wa mchanga alikuwa nao mmoja. Akageuka, akamtazama Dovie kwa haya. "Dovie... samahani kukuuliza. Hivi wewe una ratili ngapi?"

"We Orval! Mama yako hakukufunza adabu?"

"Alinifunza, tena kwa fimbo. Lakini huyu Clete anatucheka."

Dovie akamwangalia Clete na kichana chake. Akavua viatu vya kanisani, akakusanya gauni lake la maua ya njano, akapanda butini.

Kilichofuata hakuwahi kukieleza vizuri, ingawa alikieleza maisha yake yote. Giza. Harufu ya petroli na mpira. Kisha ngurumo iliyoanzia kwenye visigino ikapanda mpaka menoni, na mkono usioonekana ukamsukuma kwenye mlango wa buti kama udongo unavyobandikwa ukutani. Alipiga ukelele wa kwanza kwa woga. Wa pili, hakujua ulikuwa wa nini. Wa tatu ulikuwa kicheko kitupu.

Walishinda. Orval akaruka nje, watu wakambeba juu juu, wakammwagia chai ya barafu kichwani, wakampiga makofi ya mgongo mpaka akakohoa. Nusu nzima ya shangwe ilikwisha kabla hajashika masikio yake mawili na kulia, "Mungu wangu, mchumba wangu yuko butini!"

Wakakimbia wote. Buti likafunguliwa. Dovie alikuwa amelala chali, mchanga umejaa kwenye nywele kwa sababu mfuko ulipasuka, mdomo umeachama. Orval akapiga magoti. "Dovie, nisamehe. Umeumia? Sema kitu."

"Jumapili ijayo," alisema Dovie, "naendesha mimi."

Vicheko vikalipuka. Chama cha vijana wale kilikuwa na sheria chache mno, lakini mojawapo ilisema wanawake hawashiki usukani. Tolliver Beech, mpeperusha bendera, kijana mwembamba aliyekuwa akiruka juu kama panzi kila alipoanzisha mbio, alikohoa akaikumbusha. Dovie akamuuliza sheria hiyo iliandikwa wapi. Tolliver akafikiri sana, akakiri kuwa haikuandikwa popote, waliisema tu.

"Basi na mimi nimesema tu," Dovie akajibu.

Clete akacheka mpaka akashikilia mlango. "Mwacheni aje! Tena aje na mimi. Nikishindwa na mwanamke, mimi Clete Vandiver, nitavaa hilo gauni lake la njano na kuwagawia watu pai mpaka jua litue."

"Mmesikia nyote?" Tolliver aliuliza.

"Tumesikia!" walijibu, na akina mama waliokuwa kwenye boneti walijibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wiki ile Orval alimfundisha kwenye barabara ya vumbi kando ya mfereji. "Klachi usiiachie kama unamwaga maji ya kuoshea vyombo," alimwambia. "Iachie kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia."

"Na mafuta?"

"Mafuta kanyaga kama unaua nge."

Jumapili ikafika, na mji mzima ukaja. Mchungaji mwenyewe alifupisha mahubiri, akadai koo linamuuma, na saa sita alionekana uwanjani anakula soseji kwa koo hilohilo. Dovie alikalia mto wa kochi ili aone mbele. Pembeni yake Clete alimkonyeza. Tolliver akaruka, bendera ikashuka.

Alimlaza mtoto. Akaua nge. Ford ikainua pua kama farasi aliyeona nyoka, na dunia ikageuka mistari: pamba mstari, watu mstari, Clete mstari kisha Clete hayupo. Alipotazama kulia hakuona gari. Alipotazama kwenye kioo alimwona Clete nyuma, mdogo kama sanamu ya juu ya keki, nywele zote zimesimama.

Hapo ndipo alipokumbuka kuwa katika wiki nzima ya mafunzo hakuna aliyemfundisha kusimama. Alikanyaga breki, breki zikajifikiria. Lami ikaisha, Ford ikaingia shambani, ikalima mistari kadhaa ya pamba ya mzee wa jirani na kutulia ikipumua mvuke. Watu walipofika walimkuta amesimama juu ya kiti, nyusi na nywele zimejaa pamba, anaimba wimbo wa kanisani kwa mapigo yasiyofaa kanisani kabisa.

Clete alikuwa mwanamume wa neno lake. Alivaa gauni la njano juu ya buti zake za kazi, zipu ikagoma katikati ya mgongo, akagawa pai la pichi kuanzia mchana mpaka jioni. "Kipande kingine, mama?" aliwauliza wazee huku akibana magoti. Bibi mmoja alimsifu miguu. Tangu siku hiyo Clete alikuwa ndugu yao; alisimama shahidi harusi ya Dovie na Orval ilipofika, naye mkewe alimpata palepale kwenye foleni ya pai.

Miaka mitatu waliishi hivyo. Kisha mchezo ukakua. Miji mikubwa ikajenga viwanja rasmi vyenye taa za rangi badala ya mtu anayeruka, na magari yakaja yamebebwa juu ya malori, yamepakwa majina ya kampuni kama vibao vya barabarani. Uwanja wa Alder Wells ukafungwa kwa mnyororo. Dovie akapata watoto, akashona viti. Siku moja Orval alimpeleka kwenye uwanja mpya. Walikaa juu sana, wakatazama miale ya moto ikipita, wakarudi nyumbani.

"Umeionaje?" Orval aliuliza.

"Nzuri. Ila hakuna aliyenipa soseji."

Watoto walilelewa kwa hadithi za uwanja wa zamani kama wengine wanavyolelewa kwa uji. Jinsi Tolliver alivyoruka siku moja akatua bila suruali kwa sababu mkanda ulikatika. Jinsi ng'ombe alivyoingia njiani, na magari mawili yakamngoja amalize kutafuna. Binti yake mkubwa, Raylene, alizijua zote kwa moyo na hakuzipenda hata moja. Raylene alikuwa mtu wa mikanda ya usalama. Alikua mwangalifu, akawa mhasibu, na hata njia ikiwa tupu kabisa aliwasha taa ya kupinda kona.

Orval alifariki uzeeni, usingizini, kwa upole uleule alioishi nao. Dovie alikuwa anakaribia miaka themanini Clete alipompigia simu.

"Dovie, kaa chini kwanza."

"Nimekaa. Nani kafa?"

"Uwanja. Mwenye shamba anang'oa lami apande miti ya pistachio. Jumamosi tunakutana wote tuliobaki. Gari langu ninalo bado, linawaka."

"Na wewe unawaka?"

"Mimi nawaka, ila macho yameniaga. Juzi nimelipungia mkono sanduku la posta nikidhani ni wewe."

"Lilikuitikia?"

"Lilikuwa na adabu kukuzidi."

Jumamosi uwanja ulijaa vipara, vifaa vya masikioni na maharage ya pilipili kwenye masufuria. Watu walishikana mashavu, wakaitana majina ya utani ambayo hata wake zao hawakuyajua. Tolliver Beech alikuwepo, amekunjamana kama zabibu kavu, bendera mkononi. Dovie aliinama akagusa lami iliyopasuka. Majani yalichipua kwenye nyufa, na ilikuwa na joto lilelile. Alijisikia kichwa chepesi, kama aliyekunywa mvinyo, na alikuwa amekunywa chai tu.

Clete alimwekea funguo kiganjani. "Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuushika usukani huu. Mimi nitakaa pembeni. Nikifumba macho ni hasara ileile."

Wakajisogeza kwenye mstari, wawili hao, kofia ngumu zikiyumba vichwani. Mpinzani hakuwepo, zilikuwa mbio za kuaga tu.

Ndipo Raylene alipofika. Jirani alikuwa amemwambia. Alikata uwanja na gari lake refu la familia, lile la kubebea wajukuu na mipira, akasimama sambamba na mama yake, akashusha kioo.

"Mama! Shuka humo sasa hivi! Una umri gani wewe?"

"Nini? Sisikii, mwanangu, injini!"

"Nasema SHUKA!"

Tolliver alitazama. Aliona magari mawili, sambamba, injini zinaunguruma, madereva wanatukanana. Maisha yake yote alikuwa anajua maana yake ni nini. Kuruka hakuweza tena, ila aliinua visigino, na bendera ikashuka.

Dovie akaondoka. Raylene, kwa hofu ya kumwona mama yake akitokomea, akakanyaga mafuta ili amfuate akamzuie. Gari la familia likanguruma kwa mshangao. Clete akapiga kelele, "Gia ya tatu! Gia ya tatu!" na Dovie akaitafuta gia ya tatu huku, akaitafuta kule, akaikosa kabisa, anacheka hata machozi yanamziba macho. Kiti cha mtoto kikaruka ndani ya gari la Raylene, juisi zikapasuka, naye akampita mama yake mdomo wazi, akamaliza robo maili mbele kwa urefu wa gari zima.

Aliposimama hakushuka. Walimkuta ameshika usukani kwa mikono miwili, uso mwekundu.

"Raylene?" Dovie aliita, akijivuta kwa fimbo. "Umekasirika, mwanangu?"

"Nimeshinda?" Raylene aliuliza polepole.

"Umenishinda. Mimi na Clete kwa pamoja."

"Kwa gari la kwendea dukani?"

"Kwa gari la kwendea dukani."

Raylene akaangua kicheko ambacho mama yake hakuwahi kukisikia kwake hata utotoni, cha kujikunja, cha kupiga honi kwa paji la uso. Mchana ule walishindana mara nyingi mpaka gari la Clete likachemka likakataa. Mpeperusha bendera aliomba kiti. Wazee walipigania zamu ya kukaa pembeni ya Raylene, na bibi mmoja mwenye kiuno kibovu alishuka akidai kimepona.

Jua lilipoanza kuinama walikaa kwenye kivuli cha lori, sahani za maharage magotini. Dovie alikuwa anawasikiliza watu wakidanganyana kuhusu mwaka hamsini na mbili, miguu yake ikining'inia, moyo umejaa pomoni. Raylene alikuwa anatafuna, anaangalia gari lake lililojaa vumbi. Kisha akamsogelea Clete na kushusha sauti, kama mtu anayeuliza jambo la aibu kwa daktari.

"Mjomba Clete, hivi viti vya nyuma vya gari langu vinafunguliwa kwa spana namba ngapi?"