Vyombo vya Watu, Njia ya Sur

Walisema sitoweza. Nianze hapo, rafiki yangu, maana kila nilichopata maishani kimeanza hapo. Ami yangu, ndugu mkubwa wa baba, alisema mbele ya wageni kwamba siku nikipata cheti chochote, yeye atavaa buibui aende nalo sokoni. Nikaenda ng'ambo, nikasoma mchana na kuosha magari usiku, nikarudi Maskati na diploma ya mitambo ya baridi. Imo ndani ya fremu katika karakana yangu ya Wattaya, na karakana hiyo sikurithi kwa mtu. Buibui mpaka leo sijaliona.

Basi majira ya baridi yaliyopita, Bibi yangu aliposema anataka kwenda njia ya pwani iendayo Sur mara moja tu kabla magoti hayajamkatalia kabisa, akale pilau juu ya jabali lake pale ufukweni, nilijibu kabla hajamaliza. Nitampeleka mimi.

Ami akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. "Wewe? Na vyombo vya watu? Utavirudisha vipande vipande!"

Nikueleze habari ya vyombo. Tulipokuwa wadogo pale Azaiba, hakuna aliyekwenda pwani na sufuria zake peke yake. Jirani tuliyepakana naye ukuta alitoa sufuria kubwa. Mwalimu wetu wa Qur'ani alitoa siniya. Mke wa ami alitoa bakuli la kauri lenye kifuniko. Kila chombo kilikuwa na alama ya rangi ya kucha chini yake: cha jirani madoa mawili mekundu, cha mwalimu mstari wa waridi. Si kwamba Bibi hakuwa na vyombo, kabati lilikuwa halifungiki. Lakini wale wenzake hawakuwa na gari, naye alikuwa akisema, "Vyombo vyao vikenda, na wao wamekwenda." Na jioni, chombo hakikurudi kwa mwenyewe kitupu. Kilirudi na fungu lake la pwani.

Tulipanda pikapu ya baba, watoto nyuma juu ya mkeka, na vumbi lilitupaka nyusi nyeupe. Chai ya tangawizi tuliinywa kwenye ufukwe wa Bustan. Samaki tulinunua Kuriyat, nguru mzima, mkia umetokeza nje ya kikapu. Halafu mbele zaidi, penye bustani ndogo ya ufukweni yenye vivuli vitatu vya saruji, palikuwa na jabali bapa kama meza. Hapo ndipo pilau lilipofunuliwa. Nikifumba macho naisikia harufu ile hata sasa: bizari nzima, iliki, moshi wa mkaa, na chumvi ya bahari juu yake. Wimbi likirudi nyuma, vikokoto vilipiga kelele kama mtu anamwaga choroko kwenye ungo.

Kazi yangu ilikuwa kusugua sufuria. Sabuni hatukuchukua. Nilichota mchanga wa majimaji nikasugua mpaka vidole vikawaka, na Bibi alisimama juu yangu. Jivu tulizoa ndani ya kopo tukarudi nalo. Mifupa tuliitafuta mchangani kama watu waliodondosha pete. "Atakayekuja baada yetu asijue tumekula nini," alisema, kisha akainama akalinusa jabali. Likinuka samaki, nilirudishwa kuchota maji tena.

Hata nikisugua vipi, mchanga kidogo ulibaki chini ya mishikio ya sufuria, pale penye misumari. Jirani alipopokea chake, alipitisha kidole hapo kwanza, kabla hata ya kutazama chakula. Akitoa mchanga alicheka. "Ehe, na mimi nimefika."

Sasa nisikilize safari yenyewe. Siku hizi barabara ni lami tupu, na gari langu ni kubwa, kiyoyozi chake nimekifunga kwa mikono yangu. Bibi mbele, mke wangu na watoto wawili nyuma. Vyombo ni vilevile, vya wenyewe walewale. Nilivifunga kwa mablanketi, kila kimoja na kamba yake. Sufuria imejaa, siniya imejaa, bakuli limejaa samaki wa kupaka.

Tulisimama Bustan kwa chai. Bibi alifungua mlango, akautazama mchanga, akaufunga. Chini ya kivuli palikuwa na maganda ya matikiti yamefunikwa na inzi, vijiti vya mishkaki vimechomekwa ovyo, na paka wawili wanagombea matumbo ya kuku. "Twende mbele," alisema. Chai tukainywa garini.

Baada ya Kuriyat nikaingia bustani nyengine, mpya, yenye bembea na taa. Hapo watu walimwaga mafuta ya kukaangia juu ya majani, yakaganda kama kamasi. Mifuko imenasa kwenye migunga yote, inapigapiga kwa upepo. Mwanangu wa kike akakanyaga kitu laini, na kitu chenyewe sikutajii. Bibi hakushusha hata kioo. "Mbele, mume wangu," alisema, jina analoniitia mjukuu wake tangu utotoni. "Jabali letu liko mbele." Watoto walilia njaa, lakini kwetu hakuna anayegusa pilau kabla ya Bibi.

Tukafika. Vivuli vitatu vipo bado. Jabali lipo. Katikati yake wamewasha mkaa moja kwa moja juu ya jiwe, limepasuka na kuwa jeusi. Sahani za foili zimejaa wali uliochacha. Na pembeni, pale alipokuwa akikaa Bibi, palikuwa na nepi ya mtoto, imekunjwa vizuri kama sambusa. Pipa la taka lilikuwa hapohapo, karibu kuliko jabali lenyewe. Nikachungulia ndani. Tupu.

Kivuli cha pili kilikuwa na vijana na muziki wao. Nilidhani watu wa mbali. Mara nikasikia Kiswahili, Kiswahili chetu hasa. Mmoja akaniona nikivaa glavu zangu za karakana.

"Ami, acha tu! Wahindi wa manispaa watakuja kuokota."

Bibi akashusha kioo. "Wewe, mtoto wa nani?"

"Wa Azaiba, bibi."

"Sikukuuliza unakaa wapi. Nakuuliza wa nani, nipate kujua nani wa kumpa pole."

Wenzake wakacheka, naye akapunguza muziki. Lakini hakuinuka. Hata mmoja wao hakuinuka.

Niliokota mimi. Mimi mwenye diploma, kanzu nyeupe nimeikunja kiunoni. Nilijaza pipa mpaka likafurika. Nilichota maji ya bahari kwa ndoo ya gari, nikamwaga, nikasugua kwa mchanga kama zamani. Mke wangu akatandika mkeka. Tukamshusha Bibi, mmoja huku mmoja kule, hatua kwa hatua. Akainama, akaweka kiganja juu ya jiwe, akalinusa.

Wimbi likarudi, vikokoto vikalia.

"Bado lanuka," alisema polepole. "Umefanya kazi, Mungu akulipe. Lakini sitokula hapa. Nrudishe."

Njia nzima kiyoyozi kilifanya kazi yake, chakula hakikuharibika hata punje. Nyumbani tulipasha moto, akala matonge mawili jikoni, amelipa dirisha mgongo.

Jioni ileile nilirudisha vyombo. Nakwambia kwa kujivuna, sikuvunja hata kifuniko. Ami alilizungusha bakuli upande huu na huu kutafuta ufa, akakosa, akasema, "Haya. Hili umeweza," na hilo kwake ni sawa na kuvaa buibui. Mwalimu alipokea siniya akanuna kwanza, "Pilau lote hili? Nyinyi mmekula nini?" kisha akaniombea dua kwa kushika mila za wazee. Kila aliyeniazima nilimrudishia chombo chake kizima, tena kimejaa, kimejaa kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Walifurahi. Walidhani ule wakati umerudi.

Nikamaliza kwa jirani. Amezeeka, taa ya mlangoni haimtoshi. Hakufunua sufuria. Alipitisha kidole chini ya mshikio, upande huu, halafu upande wa pili, akakisugua kidole kwa dole gumba.

"Mchanga uko wapi?" aliniuliza.

Nikainama kuitazama misumari ya mshikio.

"Hii haikufika, mwanangu."

Akaichukua sufuria ndani, nzito, bado moto. Mimi nilibaki mlangoni pake, mikono mitupu.