Watu wa Huko Wamezoea

Nyumba yangu ya Kibiti ina vyumba vingi kuliko watu. Niliijenga nikimhesabu mke wangu, na wageni wake, na kelele zake za asubuhi.

Yeye alirudi kwao, kijiji cha delta upande wa baharini, kumuuguza mama yake. Mama alipofariki, goti la mke wangu nalo lilikuwa limeharibika. Huko, maji yakipwa, boti haifiki pwani. Inasimama mbali, na abiria wanashuka kwenye tope la mikoko, viatu mkononi, nguo zimekunjwa. Mwenye goti bovu hatoki humo bila kubebwa, na mke wangu si mwanamke wa kubebwa. Tukakubaliana angoje gati lijengwe, ndipo arudi nyumbani. Wakati huo nilikuwa diwani na mjumbe wa kamati ya mipango, na gati lilikuwa limeshaingia kwenye mpango wa miaka mitano. Nilimwambia asifungue sanduku lake.

Mpango unaandika kila kitu, kisha fedha zinakuja za kitu kimoja. Mwaka ule zilitosha gati, au mtaro wa maji ya mvua pale stendi. Stendi ilifurika kila masika. Wauza chai walipandisha mabenchi juu ya matofali, na wengi wao ndio walionipigia kura. Mjumbe mmoja akauliza tutaliahirishaje gati na huku wagonjwa wanabebwa mgongoni. Nikasimama mimi, mkwe wa kulekule.

"Watu wa huko wamezoea," nikasema.

Mtaro ukapita. Gati likaandikiwa "fedha zikipatikana", na kila bajeti iliyofuata likasukumwa mwaka wa mbele.

Maneno yangu yalifika kijijini kabla yangu. Safari iliyofuata nilishuka kwenye tope, nikazama, kiatu kimoja kikaniponyoka. Kaka wa mke wangu alikuwa amesimama pakavu ananitazama.

"Shemeji, mbona unayumba? Kumbe wewe hujazoea?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, maana shemeji hakasirikiwi. Mke wangu hakucheka. Alinimiminia maji ya kunawa miguu, akaniletea chakula, akaniuliza habari za mjini. Nilitamani anitukane. Baada ya hapo safari zangu zikapungua. Nilisingizia vikao, na udiwani uliponitoka nikasingizia mgongo.

Sisemi mtaro ulikuwa kosa. Masika nikipita stendi naona maji yanakwenda zake, watu wanakunywa chai miguu mikavu. Lakini ningeweza kuutetea mtaro bila kusema neno lile.

Mwaka jana gati likaisha kujengwa. Nilichagua kwenda wakati maji yamepwa, makusudi, nikatembea juu ya zege na viatu vyangu mguuni hadi kijijini. Mke wangu alinipokea vizuri. Alinitandikia mkeka mpya, ule wa wageni. Pembeni niliona sanduku lake, kifuniko kiko wazi, limejaa mpunga wa mbegu.

Tulipomaliza kula nikamwambia gati lipo sasa, twende nyumbani. Alikuwa akiokota punje za wali mkekani, na hakuacha kuokota.

"Ningekuja, baba," alisema. "Lakini nimeshazoea."

Hakulisema kwa kunikomoa. Ningejua. Alilisema kama mtu anayetaja hali yake ya afya.

Jioni akasema atanisindikiza. Nikamkataza kwa ajili ya goti, akaniambia njia sasa ni kavu. Tulikwenda polepole, yeye akishika ukingo wa gati, mpaka mwisho kabisa, pale boti ilipofungwa. Ilikuwa hatua moja tu kuingia. Aliniwekea kikapu cha mchele ndani, akaniambia nikifika nimpigie simu, kisha akarudi nyuma kidogo kumpisha abiria mwingine.

Boti ilipogeuka kuingia mkondoni nilimwona bado amesimama. Kandambili zake zilikuwa kavu.