Kilo za Bibi Ikupa

Enosi aliujua uzito wa mtu kwa mikono. Alikulia Lupepo akibeba mikungu ya ndizi, na kwa miaka ishirini na moja aliyotoa dawa ya usingizi hospitalini kwetu, kazi ya kumhamishia mgonjwa kwenye kitanda cha upasuaji hakumwachia mtu. Alimnyanyua mwenyewe, kisha akasema, "Hamsini na mbili." Tukitazama faili, ni hamsini na mbili. Tulimtania kwamba akistaafu atapata kibarua kwenye mizani ya chai.

Alikuwa na sababu. Dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo za mtu, na ile ya kulegeza misuli ili mpira wa kupumulia upite kooni vilevile. Ikipungua ya usingizi, mgonjwa anausikia mpira ukiingia na hawezi hata kukunja kidole. Ikizidi, presha inaporomoka. "Karatasi haina mwili, Agness," alikuwa akiniambia. Mimi nilimwona msumbufu tu.

Bibi Ikupa alikuja Juni, baridi ya kukata mifupa. Alichuma chai tangu usichana wake, na rovu la shingoni lilikuwa limekua hadi akawa analala ameketi. Mara ya kwanza tulimrudisha kwao Mpuguso: amekonda mno, akale kwanza, aongeze uzito. Sasa alirudi na bintiye Tulia, akapanda mizani na koti lake zito, sweta na vitenge juu. Ilinipasa nimvue koti. Sikumvua, maana alikuwa anatetemeka, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikaandika hamsini na saba.

"Nimeongezeka, mwanangu?"

"Umeongezeka, bibi. Safari hii hurudi."

"Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Kesho yake ndiyo ilikuwa zamu yake ya kupasuliwa. Wiki hiyo Enosi alikuwa ameanguka na bodaboda njia ya Isongole, bega halinyanyuki, kwa hiyo wahudumu wawili ndio waliomhamisha bibi. Enosi alisimama kando akiitazama mikono ile myembamba ya bibi kwa muda mrefu.

"Agness, ulimpima wewe?"

"Ndiyo."

"Koti alivua?"

Daktari alikuwa ameshavaa glavu, wote wananitazama. "Alivua," nikasema.

Akavuta dawa ya kilo hamsini na saba, akapunguza kidogo kwa ajili ya uzee. Mpira uliingia vizuri, mara moja. Kisha presha ikaanza kushuka, ikashuka tena, na moyo ukasimama. Tulimkandamiza kifua karibu saa nzima. Enosi alikandamiza na bega lake bovu hadi daktari akamshika mkono.

Mchana Tulia alikuja kuchukua nguo za mama yake. Alipoliinua koti kutoka kwenye mfuko, bitana likachanika, jiwe likaanguka sakafuni, likafuata jingine. Mawe ya mtoni, laini, yameshonewa ndani pande zote.

"Wachumaji hutia mawe hivi kapu likiwa jepesi," Tulia akasema taratibu. "Aliogopa mtamrudisha tena."

Enosi akaokota mawe, akayarudisha kotini, akalinyanyua kwa mkono mzima. Alilishika kama alivyozoea kuwashika watu.

"Kumi," akasema.

Hakunitazama. Alimpa Tulia pole, akaketi, akavuta faili. Nilisimama nyuma yake nikaisoma kalamu yake ikienda: mtoa dawa ya usingizi hakuhakikisha uzito wa mgonjwa. Akatia jina lake na sahihi.

Mdomo wangu ulikuwa na nafasi ya kufunguka. Nilimsaidia Tulia kukunja vitenge.