Daftari la Kumvizia Dada

Mimi ni mtu wa kushuku. Nimezaliwa hivyo, na soko la Kibirizi likanimalizia. Ukikulia kwenye dagaa, mtu akikuambia wamekauka humwamini. Unashika, unanusa, unavunja mmoja katikati. Kwa hiyo binti wa mama mdogo alipoletwa kwetu Gungu kutoka Burundi, miaka ile wakimbizi walipokuwa wanashuka ufukweni kila kukicha, wenzangu walimlilia. Mimi nilitaka kumvunja katikati nione.

Alikuwa na miaka kumi na sita, amenizidi mmoja. Mama akaniagiza nimwite dada. Sikumwita. Tulilala kitanda kimoja na kukaa dawati moja, na wiki ya kwanza haikwisha nikaona kuna kitu hakikai sawa. Jumatatu anamaliza hesabu kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Jumatano anazitazama hesabu zilezile, kwa mwandiko wake mwenyewe, anauliza nani kaandika. Mwalimu akasema huyu ananakili. Nikajisemea, haya, si mimi peke yangu.

Halafu ujanja wake sasa. Hakuulizi leo siku gani. Anauliza leo tunapika nini, maana kwetu wali ulikuwa wa Jumapili tu. Jirani akimkumbusha walichoongea jana, anacheka kwanza, anamwacha jirani aendelee, anaokota maneno hukohuko. Kwenye pindo la kanga yake alikuwa anafunga fundo kila asubuhi. Jioni analigusa, anasimama kidogo, ndipo anachukua ndoo kwenda kuchota maji. Mtu asiye na la kuficha anajifungia mafundo ya nini? Majirani walisema ana mashetani, wengine wakasema karogwa. Mimi hata mashetani sikutaka kumpa. Nilisema ni mwongo, basi.

Pale Kibirizi kuna sheria isiyoandikwa popote. Wingu likivuka kutoka upande wa Kongo, wa kwanza kuguswa na tone anapiga kelele, na kila mtu anakusanya dagaa walio karibu naye, wawe wake au wa mwenzake. Kutenganisha ni baadaye. Siku moja mama alituachia dagaa wetu mchangani, mvua ikaja. Wenye boti wakawasha mashine wakimbie mawimbi, wanawake wakapiga kelele, nami nikavamia dagaa wa jirani nikijua wetu wana mtu. Nilipogeuka, mtu mwenyewe amekaa katikati yao, mikono magotini, maji yanamtiririka usoni. Dagaa wote wamelowa. Mvua ilipokatika akajishika gauni, akaniuliza taratibu nani kammwagia maji.

Loo, hasira niliyokuwa nayo! Dagaa wale waligeuka weusi, wakanuka, wakaishia kwa wafuga kuku. Na sokoni wakatuangalia vibaya, kwa sababu anayekaa wakati wenzake wanakusanya huonekana adui.

Baba alikuwa fundi wa mashine za boti, na uani kwetu alikuwa na pipa la maji la kuzijaribia. Jioni ile alisema mtoto akiwa mgonjwa atauguzwa hapahapa, lakini akiwa anawadanganya wanaomlisha, lori la kwenda kambi ya wakimbizi halikosi nafasi. Mama akalia. Huko kambini yule binti hakuwa na ndugu hata mmoja. Waliobaki tulikuwa sisi. Nililijua hilo vizuri, na bado nikasema naweza kuthibitisha.

"Usiniletee maneno," baba akasema. "Andika kama fundi. Fundi haandiki mashine imezima. Anaandika ilizima saa ngapi, na kulikuwa na nini kabla."

Akanipa mwezi mmoja, na daftari lake la kaunta lililobaki kurasa safi nusu nzima.

Niliandika kwa penseli, na nilijiona askari. Jumanne, baada ya chai, baba anajaribu mashine. Kasimama na sufuria, nimemwita mara tatu. Kajifanya. Alhamisi, ziwani, tunafua, boti imepita. Kasahau njia ya kurudi. Kajifanya. Jumapili, kanisani, kimya, hakuna kitu. Hakujua tumeshaimba. Kajifanya. Sikuongeza chumvi, kwa sababu nilitaka ushahidi usiotikisika.

Siku moja nikamtega. Akiwa anaoga, nililifungua lile fundo la kanga. Jioni hakwenda kuchota maji. Mama akamgombeza, naye akapiga goti akaomba msamaha, huku macho yake yanatafuta kosa lilipo. Hilo sikuliandika.

Mwezi ulipoisha nikainua godoro, daftari halipo. Nikamkuta nyuma ya jiko, limefunguliwa mapajani, anasoma kwa kidole. Nikajua anataka kulichoma na nikajiandaa kumnyang'anya. Akainuka, akanipita, akaenda moja kwa moja uani kwa baba, akapiga goti na kumpa kwa mikono miwili.

"Baba mkubwa, soma. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui."

Baba akafuta grisi mikononi. Akasoma polepole, akarudi nyuma, akasoma tena, halafu akalitazama pipa lake. Akaniuliza kama Jumanne hii ni yeye aliyekuwa anawasha. Nikasema ndiyo. Na hapa? Ndiyo. Na siku ya mvua, boti ziliwashwa? Nikasema ziliwashwa. Ndipo akamuuliza yule binti, kwa Kiha, lugha yetu inayokaribiana na yake, walikuja na boti ya namna gani.

"Ya mashine," akajibu. "Waliiwasha mama hajapanda."

Alasiri ileile baba alimwaga maji, akaliviringisha pipa mpaka Kibirizi, na kazi yake akaihamishia huko. Lori halikutajwa tena. Nisidanganye, hakupona. Kanisani kwenye ukimya aliendelea kupotea, na shuleni siku nyingine ilikuwa hesabu zote, siku nyingine hakuna hata moja. Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja aliniambia akili ya kijana aliyeona makubwa inaweza kuondoka ikamwacha amekaa palepale, na kwamba huo si uongo wala mashetani. Nilimsikiliza kwa aibu, maana ushahidi nilikuwa nao tangu nina miaka kumi na mitano.

Lakini nirudi jioni ile. Alinifuata chumbani na daftari mkononi. Nilingoja matusi, na nilistahili. Akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Hili neno, kajifanya, lifute. Mengine niachie. Siku hizo sina pengine pa kuzisoma."

Nikachukua kifutio. Neno lilikuwa kila ukurasa, na mahali pengine nilikuwa nimelikandamiza mpaka karatasi ikatoboka nikilifuta. Yeye amekaa kitandani, anangoja. Nilipofika mwisho nikachukua penseli, nikaandika ile siku ya kanga: saa aliyokwenda kuoga, fundo, na nani aliyelifungua. Nikampa bila kumtazama.

Akasoma mara mbili.

"Kumbe maji sikusahau?"

"Hukusahau, dada."