Sauti Isiyotiwa Kaboni

Dada yangu amepiga taipu miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya ardhi. Kama una hati ya kiwanja ya zamani ambayo kila herufi ya m imelalia upande, ujue imepita mikononi mwake. Mashine yake ndiyo iliyokuwa na kilema hicho. Ofisini walimwita Kaboni, maana hakuwahi kupiga barua bila kutia karatasi ya kaboni chini. Alitoa nakala tatu: ya mwenye barua, ya faili, na ya tatu, alivyokuwa akisema, "ya siku mtakapopoteza hizo mbili." Nao walizipoteza, kila mwaka.

Mimi ni mdogo wake. Shule niliishia darasa la sita, na wenzangu walioendelea wakanisikitikia mpaka redio zao zilipoanza kukoroma. Hapo wakaijua njia ya kwangu. Nimetengeneza redio za mtaa mzima kabla hawajazaliwa hawa mnaowaita mafundi, na dawa yangu kubwa ilikuwa moja: kofi. Si kofi la hasira. Ni la kiganja kilicholegea, ubavuni, upande wa kushoto, mara moja tu. Redio iliyokwisha kukata roho inaamka na kusoma habari. Wakaniita Injinia kwa kunicheka, nami nikalipokea jina hivyo hivyo.

Dada aliolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mwenye sauti nzito ambayo ukiisikia, hata ukiwa sokoni, unajikuta unatafuta daftari. Hawakujaaliwa mtoto. Walijaaliwa ubishi. Walibishana miaka ishirini na minane, juu ya sukari, juu ya dirisha la sebuleni, juu ya nani kahamisha miwani ya nani. Kisha shemeji akaota uvimbe kooni. Hospitali wakamwambia kikoromeo kitaondolewa, na sauti itakwenda nacho.

Wiki moja kabla ya upasuaji alikaa mbele ya kompyuta mpakato yake akajirekodi. Rekodi kumi na tisa. Nilidhani ataacha wosia, au maneno matamu ya mume kwa mkewe. Wapi. Katika moja anasema, "Funga dirisha, bibie, mvua hiyo inaingia." Katika nyingine anasoma tebo ya kumi na saba mpaka mwisho. Katika nyingine analalamika chai haina sukari, anakohoa, halafu anasema, "Haya, basi, nitainywa hivyo hivyo."

Aliishi miezi minane bila sauti, akibishana kwa chaki kwenye kibao kidogo, kwa mwandiko mzuri. Kisha tukamzika.

Tangu hapo, kila siku saa kumi jioni, dada aliweka chai mezani, akafungua kompyuta, akagombezwa juu ya dirisha. Na huku anasikiliza, vidole vyake vilikuwa vikipiga taipu kila neno juu ya kitambaa cha meza. Hakujua kusikiliza kwa namna nyingine.

Siku moja kompyuta ikagoma. Taa inawaka, feni inavuma, kioo cheusi tii.

"Usiiguse," dada akaniambia. "Kesho tunaipeleka kwa fundi."

"Fundi gani zaidi yangu?"

"Wewe ni fundi redio."

"Na hii ni nini kama si redio iliyosoma?"

Akacheka kidogo, akaenda jikoni kuepua birika. Nikabadilisha tundu la umeme. Nikachomoa chaja, nikaichomeka. Nikabonyeza kitufe, nikatega sikio. Ndani kulikuwa na kitu kinachozunguka, sauti nyembamba, kama redio iliyokaribia stesheni. Nikaona imebakiza kidogo tu. Nikaipiga. Ubavuni, kushoto, mara moja.

Ikasema tak. Halafu tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Nikaizima upesi. Dada aliporudi na birika nikamwambia, "Kweli, twende kwa fundi. Hii inataka vifaa."

Fundi alikuwa binti, mwenye chumba nyuma ya duka la vitabu, miwani moja machoni na nyingine kichwani. Alifungua skrubu akazipanga kwenye kifuniko cha kopo la rangi ya viatu. Akachomoa kijiti cha memori, akasugua meno yake kwa raba ya penseli, ile ile ya watoto wa shule, akakirudisha. Kioo kikawaka.

"Kulikuwa na uchafu tu, mama."

Dada akashika kifua kwa mikono miwili. Kisha kioo kikaandika kwamba hakuna diski, na ndani kukaanza: tak, tak, tak. Binti akainamisha sikio, na uso wake ukabadilika.

"Kuna mtu aliipiga wakati inazunguka?"

Ukutani palikuwa na tangazo la picha za pasipoti. Nililisoma lote, na mimi si msomaji.

"Mimi niliidondosha," dada akasema. "Kwenye ngazi."

Nyumba ya dada haina ngazi.

"Nakala unazo, mama? Popote pale?"

"Kaboni nimetia maisha yangu yote, mwanangu," dada akasema. "Sauti sikujua inatiwa wapi."

Binti aliipeleka diski kwa mwenzake mwenye mitambo mikubwa. Baada ya wiki mbili jibu likaja: sahani ya ndani imechunika, hakuna kilichobaki. Tukarudi na kompyuta yenye diski mpya, nzima kabisa, tupu kabisa.

Njiani nikamwambia, "Dada, ni mimi."

"Najua. Nilisikia kofi kutoka jikoni."

"Mbona hukunifokea?"

"Nilisimama pale na birika mkononi, nikasema moyoni, labda itaamka." Akatembea hatua kadhaa. "Na mimi niliamini, Injinia."

Bora angenifokea.

Wiki iliyofuata alizipiga taipu rekodi zote kumi na tisa, kutoka vidoleni, bila kukosea. Akatoa nakala tatu, moja akanipa mimi. Saa kumi jioni akanimiminia chai na kuniambia, "Soma."

Nikasoma, nikijikwaa kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hapo alikohoa kwanza."

Nikakohoa. Nikafika kwenye dirisha, nikaikaza sauti yangu iwe nzito kadiri nilivyoweza: "Funga dirisha, bibie, mvua hiyo inaingia."

Dirisha lilikuwa wazi. Dada hakulitazama. Mikono yake ilikuwa juu ya kitambaa cha meza, na vidole havikupiga hata neno moja.

"Basi," akasema. "Kunywa chai yako, itapoa."